Julai, Upande wa Abiria

Kiyoyozi cha Tsuru ya baba kinapumua
kama mtu anayepuliza uji wa moto:
hewa ipo, baridi haipo.
Jana Mexicali ilifika digrii arobaini na saba.
Usukani ulishikwa kwa kitambaa,
na chuma cha mkanda wa kiti kilichoma nyonga
kama pasi iliyosahauliwa.

Fundi Nabor kila mwaka ana jibu moja: gesi.
Anajaza, anapokea peso zake mia nane.
Wiki ya kwanza baba anasifu, kwa adabu;
ya pili ananyamaza;
ya tatu anateremsha kioo,
na vumbi la mashamba linaingia bila hodi.

Mwaka huu nimesema hapana.
Nimeazima geji, nimechukua kipimajoto cha jikoni
na tochi inayowaka ikipenda,
nikafungua boneti saa kumi na moja alfajiri
kabla bati halijawa kikaango.

Kwanza macho.
Kandensa imevaa sweta:
pamba ya mashambani, mabawa ya panzi, unywele wa nani sijui.
Niliiosha kwa maji ya polepole,
maana mapezi yake ni laini, ukiyakaripia yanalala.
Fenibelti imekaza. Feni inazunguka.
Nikawasha. Klachi ya kompresa ikasema ta!
ikashika, haikuachia.
Bomba nene likatoka jasho,
sindano ya bluu ikatulia panapotakiwa,
nyekundu vilevile.
Gesi tele. Nabor, rudisha peso.

Lakini ndani, kipimajoto: ishirini na mbili.

Hapo mtu hukaa chini.
Nilikaa juu ya ndoo, nikawaza kwa sauti:
baridi inatengenezwa, baridi haifiki;
basi njiani kuna anayeikoroga.
Nikachukua koleo, nikaubana ule mpira
unaopeleka maji ya moto nyuma ya dashibodi.
Dakika nne.
Kumi na tisa. Kumi na nne. Tisa.

Kumbe kuna mlango.

Nililala chali, miguu nje, kichwa chini ya dashibodi,
bisibisi kati ya meno,
nikakipata kibao kinachotenga moto na baridi.
Hakikuvunjika.
Kilikuwa kimezuiwa kisifunge, upana wa kidole,
kwa waya, mizunguko mitatu,
ncha zimekunjwa ndani zisichane soksi ya mtu.

Naijua mikono inayokunja ncha namna ile.

"Baba, nani alifunga hapa?"
Evaristo alikuwa mlangoni na kikombe,
kesha vaa shati la siku za kusafishwa damu,
lile lenye mikono mipana.
"Miguu ya mama yako ilikuwa ikiganda," alisema.
"Tangu zile dawa. Hata Julai.
Mimi nataka baridi, yeye anataka joto.
Nikaona tugawane."

Miaka sita Herminia hayupo.
Miaka sita huyu mtu analowa, analipia gesi.

"Ulisahau?"
Akanywa kahawa, akaitazama kahawa.
"Sijasema nilisahau."

Nilibaki na koleo mkononi, sijui nilirudishe sandukuni.
Kisha akasema: kata,
miadi ni saa moja na nusu,
na wauguzi hawapendi mgonjwa anayefika kama katoka mtoni.
Nikakata.
Waya niliutia mfukoni,
sikujua mtu huutupa wapi.

Njiani aliendesha yeye.
Tulipita reli, tukapita foleni ya wanaongoja kuvuka mpaka,
mikono yao imening'inia nje ya madirisha,
na kwetu hewa ikitoka digrii saba,
saba kamili, vinyweleo vikinisimama.
Baba hakusifu.
Kwenye taa nyekundu ya pili alinyoosha mkono,
akageuza kwa kidole kitundu cha upande wangu,
akakifunga.

"Utapata mafua," alisema, akitazama mbele.

Mgongo wangu bado ulikuwa umelowa.
Sikukifungua.