Ovaroli ya Mama

Mwalimu Oyuungerel amesema Ijumaa.
Na si volkano ya siki na magadi, amesema,
hiyo nilisahihisha kumi na tisa mwaka jana,
mpaka leo chai yangu inanuka siki.
Nataka swali ambalo jibu lake wewe mwenyewe hulijui.

Leo ni Jumatano.
Daftarini nina mada tano, zote nimezikata.
Sumaku: Batzorig kashaichukua.
Bakteria wa kwenye simu: hadubini ni moja, nayo ina ufa.
Nguvu ya betri kwenye baridi: dada yake Batzorig, mwaka juzi.
Vumbi la mgodi wa shaba: hapo mwalimu alinyamaza,
akatazama bomba la moshi dirishani.
"Nusu ya shule hii inakula kutoka pale.
Andika ukitaka. Ila jiandae."
Sikujiandaa. Nikakata.
Usingizi wa kaka yangu: Temuulen alikubali kupimwa
kwa tugrigi elfu tano kila usiku.
Nikakata mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Mama amerudi jana. Wiki tatu hupeleka makaa mpakani,
wiki moja yuko nasi, na siku mbili za hiyo wiki
analala fofofo na soksi zake miguuni.
Nafua ovaroli yake kwa mikono, grisi haitaki mashine,
naitundika roshani, thelathini na moja chini ya sifuri.
Sijabana kibanio cha pili, mkono wa kushoto umeshakuwa ubao.

Asubuhi naishusha, naiegemeza ukutani.
Inasimama. Miguu miwili, kifua mbele,
mtu asiye na mtu ndani.
Mama anapita na chai yake ya chumvi,
anaigonga begani, ko ko, anaisalimia.
"Itakauka tu," anasema.

Itakauka tu.
Miaka kumi na sita nayasikia maneno haya,
leo yamenikwama kama mwiba wa samaki.
Itakaukaje? Haijayeyuka.
Napitisha kiganja sakafuni: saruji kavu, hakuna hata tone.
Barafu inaondokaje bila kwanza kuwa maji,
inarukaje ngazi ya katikati
na kutoka bila kuaga?

"Jua," anasema Temuulen.
Roshani yetu inatazama kaskazini.
"Basi upepo."
Labda. Naandika: upepo, halafu alama ya kuuliza,
ya kwanza wiki hii niliyoiweka bila kulazimishwa.

Naazima mizani ya ndoano kwa Mama Tsermaa wa ghorofa ya chini,
ile anayopimia mapaja ya kondoo.
Alhamisi asubuhi: kilo tatu na gramu mia nne.
Nikitoka shule: tatu na mia moja.
Usiku: mbili na mia tisa, nala nimesimama, bakuli mkononi.
Mama anatazama ovaroli yake ikining'inia kwenye ndoano ya nyama.
"Foleni ya mpakani," anasema, "taulo langu liko kwenye kioo cha pembeni.
Linakuwa mbao, kisha linakuwa kitambaa. Mara ngapi!
Sikuwahi kuuliza yalikokwenda yale maji."

Ijumaa mwalimu alisoma swali langu, akalisoma tena.
Kitabuni kuna neno lake, alisema, neno refu.
Kisha akasema: "Lakini kwa kasi gani? Hilo sijui."
Akaligonga muhuri.

Jumamosi mama aliondoka na ovaroli ya zamani,
ile yenye goti lililochanika,
kwa sababu hii, nilimwambia, bado inaondoka, bado naihitaji.

Jioni simu ikatetemeka juu ya daftari.
Ni yeye, kutoka kwenye foleni:
"Leo nina kilo ngapi?"
Nikatoka roshani, nikapima, vidole vikauma.
Mbili na mia moja, nikajibu.
Umepungua.