Picha Bado

Kapela, picha bado. Usipige tena simu.

Jana ulinifikisha Isevya saa sita na robo,
ukasema, "Piga, mwanga si huu tele?"
Tele, kweli. Ila mwanga wa saa sita hausemi, unafoka.
Bati liliwaka mpaka lenzi ikapofuka,
chini ya upenu pakawa shimo,
na ule mlango wa mninga, aliouchonga fundi masika yote,
ukatoka kama pengo mdomoni.
Nilipiga tatu. Nikazifuta kabla hujawasha pikipiki.

Nyumba ina uso, na uso una saa yake.
Hii imetazama machweo, imeipa reli kisogo.
Asubuhi mbele kote ni kivuli;
imenuna kama mtu aliyegongewa mlango na mdai.
Basi leo nilianzia uani, saa moja na nusu,
nuru ikija ya ubavuni, ya chini chini,
ikihesabu tofali za kuchoma moja moja,
ndoo, kamba ya kuanikia, kifuniko cha kisima.
Ikauhesabu na ufa wa ukuta wa jikoni.
Najua utakachosema: huo upige jioni, ukiwa kivulini.
Naweza. Kivuli ni chema kwa kila mtu,
ndiyo maana sikiamini.
Mnunuzi atakuja na macho yake,
na jua haliko kwenye kamisheni yako.

Mwenye nyumba alinikuta nimechuchumaa.
Kalunde, yule muuguzi mstaafu wa Kitete.
Hakuuliza kamera bei gani. Aliuliza,
"Chumba cha kati umekipigaje?"
Nikamwambia, nimewasha taa.
Akaingia, akazima.
"Subiri. Mwezi huu jua hupitia kaskazini.
Saa nne kasoro litaingia kwa kile kidirisha."

Tukasubiri. Yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mimi sakafuni, miguu ya stendi katikati yetu.
Kwanza ukutani: alama kama ukucha.
Ikawa kiganja. Ikawa leso iliyokunjuliwa,
ikateremka, ikatua kwenye saruji nyekundu.

"Mama alilala hapa miezi mitano," akasema.
"Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, sikuinunulia betri.
Doa hili likigusa mguu wa kitanda, kidonge cheupe.
Likifika kizingitini, uji."
Kisha akacheka kidogo:
"Ndugu watano, kila mmoja anataka chake.
Na nyumba si ugali, huimegi."

Sikujibu. Niliibana lenzi
ili ile leso ya jua isiungue,
kuta nikaziacha na gizagiza lake.
Picha moja tu, Kapela. Haina kitanda wala mtu,
lakini ukiitazama unajua pa kuweka kitanda.

Imebaki sura ya mbele.
Hiyo ni saa kumi na mbili kasoro robo,
jua likishuka hadi usawa wa kifua
na mlango wa mninga ukirudisha rangi yake.
Usiandike kwenye tangazo "rangi ya asali";
Tabora kila kitu mmekitwisha asali.
Ni rangi ya jani la tumbaku siku ya nne ndani ya bani,
nayo hukaa dakika kumi na mbili. Nilibaki jana, nikaipima.

Ila leo wamechoma nyasi huko porini,
moshi umelala juu ya mji,
jua limefifia kama sarafu iliyozikwa.
Kesho, basi.

Andika vyumba vinne, umeme, kisima.
Chini ya picha ya chumba cha kati acha nilivyoandika:
Juni, saa nne kasoro kumi.

Na ile nauli yangu ya kurudi jana, Kapela,
nayo bado.