Wote Isipokuwa Nne

Lifti ya hospitali ile ya Yeongdo haikujua kuhesabu.
Moja, mbili, tatu,
kisha herufi,
kisha tano.
Nne hawakuiandika: kwetu inatamkwa kama kifo,
na nani atabonyeza kifo kwa kidole chake mwenyewe
huku mkono wa pili umeshika supu?

Bibi Mallye alilazwa pale kwenye herufi,
kitanda cha dirishani, nyonga imevunjika.
Nilikuwa na miaka kumi na sita na mtihani Jumatatu.

"Soma kwa sauti," akasema. "Televisheni imenichosha."
Nikasoma: eksi kipeo cha pili kutoa kumi na sita,
mstari,
chini yake eksi kutoa nne.
Tafuta kikoa.

"Huo mstari wa nini?"
Wa kugawa, Bibi. Cha juu huitwa kiasi, cha chini asili.
Akacheka mpaka nyonga ikamkemea.
"Kiasi kimepanda juu, asili imekanyagwa.
Ukoo wa babu yako huo."

Nikamweleza kama alivyotueleza mwalimu Seok:
eksi ni kiti kitupu, namba yoyote hukikalia,
iwe hasi, iwe sehemu, hata sifuri,
mradi huko chini, kwenye asili, kusizaliwe sifuri.
"Kukizaliwa?"

Mezani palikuwa na machenza manane ya Jeju.
Wagawie watu wanne, nikasema, kila mmoja mawili.
Wagawie wawili, kila mmoja manne.
Sasa hakuna mtu. Wagawie.
Kila mmoja atapata mangapi?

Aliyatazama muda mrefu.
"Kila mmoja nani?"

Ndipo hapo, Bibi.

Akamenya moja, akanipa nusu.
"Kumbe kikoa! Nasi tulikuwa nacho sokoni,
wauza samaki wakavu kumi na mmoja,
kila mwezi tunachanga, kila mwezi zamu ya mmoja.
Deoksim alipokea yake asubuhi,
jioni yuko kwenye treni ya Daegu.
Hesabu haikufungika mwezi ule wala uliofuata.
Hatukumtukana. Tuliandika ukutani:
anaingia yeyote, isipokuwa Deoksim."

Nami nikaandika daftarini:
namba zote, isipokuwa nne.

Ningeishia hapo, ila nilitaka kumwonyesha ujanja.
Nikakivunja kiasi kikawa mabano mawili,
eksi kutoa nne, eksi kuongeza nne;
la kwanza likafanana na asili kama pacha,
nikawakata wote wawili kwa mkwaju mmoja wa kalamu.
Ikabaki eksi kuongeza nne,
imenyooka, haina chini, haina mstari.
Tazama, sasa nne inaingia bila kugonga kitu.
Tumeisamehe.

"Ukifuta deni daftarini," Bibi akauliza,
"Deoksim karudi?"

Nikafunga mdomo.
Mwalimu Seok alikuwa ametuonya, nami nilikuwa nikichora katuni:
kikoa hutafutwa kabla ya kukata.
Asili uliyoanza nayo itakudai
hata ukishaifuta isionekane.
Basi nikachora upya. Mstari ukapanda vizuri,
ulipofika juu ya nne nikanyanyua kalamu,
nikaacha duara wazi,
dogo kama jicho la samaki mkavu,
halafu nikaendelea upande wa pili
kana kwamba hapakuwa na kitu. Na kweli hapakuwa.

Jumatatu swali lile halikuja.
Yalikuja ya pembetatu, nikafeli mawili.

Majira ya maua Bibi akaruhusiwa kwenda nyumbani.
Lifti ilipofunguka akasimama na fimbo yake,
akaikodolea macho ile herufi,
akasema kwa sauti ya sokoni: "Nne!"
Mwuguzi akashtuka. Mzee mmoja mwenye maua akarudi nyuma.
Mimi nikatazama viatu vyangu.

Tukashuka.
Tatu. Mbili.
Yeye anahesabu, mimi nimeshika mfuko wa dawa.