Kiwiko

Siku ya ishirini na sita katika arobaini yangu
nimekwisha hesabu boriti za dari: kumi na tisa,
moja imeliwa na mchwa.
Wewe unalia. Nakusikia
kama nimsikiavyo punda wa jirani kichochoroni Langoni:
kelele ipo, mwenyewe ni mwingine.

Wamenikanda kwa mafuta ya moto,
wamenifunga mkaja hadi pumzi ikawa fupi,
wameninywesha uji wa pilipili manga,
wamefukiza udi mpaka pazia likakaribia kukohoa.
"Hongera. Mwana wa kike ni baraka."
Mdomo ukaitikia amin.
Bibi yako mzaa baba akakubonyeza shavu:
"Huyu ananyonya kweli? Sisi tulizaa saba,
na mchele tukatwanga wenyewe."

Sikumwambia mtu habari ya birika.
Wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu,
maji meusi yaliyotulia,
na mimi nimesimama hapo saa tisa za usiku, nimekubeba,
sikumbuki nimefikaje.
Nikakurudisha kitandani.
Nikaenda kulifunika kwa sinia la pilau,
juu yake nikaweka jiwe la kusagia.
Asubuhi nikasema: panya.

Sista Habona alikuja na karatasi yake,
hakuuliza uzito wako kwanza.
"Siku saba hizi, umeweza kucheka?"
"Umejilaumu pasipo sababu?"
Nilitazama zidaka, nikatazama bakuli la kaure lenye ufa,
na lile swali la mwisho lilipofika
nikamsimulia sinia, nikamsimulia jiwe.
Hakujiziba mdomo. Hakusema jini.
Alisema ni ugonjwa, una jina,
na kwamba Jumanne atarudi, na Jumanne nyingine.
Akamwita Bi Shufaa kando, wakanong'ona.

Tangu siku hiyo silali peke yangu nawe.

Bi Shufaa ndiye aliyekuwa akikuogesha,
amenyoosha miguu, wewe juu ya mapaja yake
kama samli inayoyeyuka.
Leo amekaa kwenye kibao, mikono kifuani:
"Ndoo weye. Mkono waniuma yeo."
Muongo. Alfajiri amekuna nazi tatu.

Nikatumbukiza kiwiko kwenye beseni.
Moto. Nikaongeza kata moja ya baridi.
Kiwiko tena. Bado. Nusu kata.
Sasa.
Nani alikifundisha, sijui;
mimi mwenyewe nilikuwa sijui kitu.
Kichwa chako kikakaa kiganjani,
uliteleza kidogo, nikakudaka,
ukanitazama kwa jicho moja, la pili lina sabuni.

Sikukupenda ghafla. Utakapojua kusoma
sitaki uje kunikuta nimekudanganya hapa.
Nilijua tu kuwa maji yako ni sawa,
na aliyejua ni mimi.

Jiwe bado liko juu ya sinia.
Baba yako akitoka msikitini
nitamweleza ni la nini.