Umande wa Kasapa

Huku Lubumbashi nguo ni kitenge,
kwa hiyo nikisema kanga
hakuna anayenitazama kiunoni.
Wanatazama juu ya bati,
alipo yule wa madoa, shingo uchi,
akijiita jina lake tangu alfajiri,
ka-nga, ka-nga,
kama mtoto aliyeonywa asilisahau.

Miaka minne nimemwibia.
Kwa mwiko mrefu, nisiache harufu ya mkono,
nilichota mayai yake moja moja
nikayatia chini ya kuku wa Mama Kishimba,
kuku mnene, mpole, asiyejua hesabu.
Majirani walinipongeza.
Kanga, walisema, ni mama wa miguu:
anatangulia, hageuki nyuma,
anawapitisha watoto kwenye majani mabichi
mpaka umande uwalaze, mmoja mmoja.
Mukalay, muuza makala, alimalizia kwa kicheko:
"Yule anazaa tu. Kulea ni kazi ya wengine."

Neno hilo nilikwisha kulisikia.

Lilisemwa Kipushi, mlangoni kwa shangazi,
mimi nikiwa na miaka mitatu na kikapu cha nguo.
Mama alikuwa amezika wawili kabla yangu;
ukoo ukakaa, ukaamua mikono yake ni ya baridi.
Shangazi alinilea vizuri. Sina la kulalamika.
Nilishiba bukari, nilisoma.
Mama alikuja Jumapili,
akakaa ukingoni mwa kiti
kama mgeni aliyefika chakula hakijaiva.

Basi Desemba hii mwiko ulibaki jikoni.
Nilimwona kanga akipotea nyuma ya kichuguu,
pale wafyatua matofali walipochota udongo wakaacha shimo.
Mayai ishirini na mawili, rangi ya chai ya maziwa.
Aliyalalia, mvua ikimpiga mgongoni usiku kucha
kama anayedaiwa.
Dume alisimama juu ya kichuguu,
mlinzi wa kiwanda asiyelipwa miezi mitatu
na bado anakuja kazini.

Siku ya ishirini na saba walitoka kumi na saba,
wadogo kama ndimu zenye miguu.

Asubuhi yake akatangulia. Hakugeuka.
Hapo Mukalay alisema kweli.
Wawili walibaki majanini, wamelowa chepe,
nikawatia kifuani, ndani ya blauzi;
mmoja aliniacha kabla chai haijachemka.

Mkono ulitaka kuwachukua wote.
Nikaupa panga.
Kesho yake, giza bado, nilifyeka majani
kutoka shimoni hadi kwenye udongo mkavu wa lupango,
njia nyembamba, upana wa mama mmoja,
nikamwaga mchwa kila hatua chache,
nikarudi kukaa kizingitini, miguu imelowa mpaka magotini.
Akaja. Alisimama mwanzo wa njia, kichwa upande,
akanikagua kama mwenye nyumba anavyokagua mpangaji.
Kisha akapita, na wao nyuma yake,
mstari uliopinda, wenye mapengo.

Hakuna aliyewahi kumfyekea mama yangu.

Sasa ni Februari. Wapo kumi na mmoja.
Kuku wa Mama Kishimba angenibakizia kumi na watano;
hesabu hiyo naijua, usinisomee.
Wahenga walisema kanga hazai ugenini,
wakanyamaza kuhusu yaliyobaki.

Jana mvua ilikuja usiku na upepo wa Kafubu.
Nilitoka na taa. Alikuwa kwenye tawi la mparachichi,
mabawa ameyatandaza juu ya watoto wanaokaribia kimo chake,
mikia yote nje, inachuruzika maji,
na hakuna aliyehama.

Leo asubuhi wanajaribu kulia.
Ka, wanasema. Ka. Ka.
Nusu ya pili bado hawajaipata.
Yeye juu ya bati anawarudia, polepole, neno zima,
na mimi nimesimama na ufagio mkononi,
sifagii.