Ndoo Mia na Thelathini na Tano

Boksi limeandikwa ubavuni: lita elfu mbili na mia saba.
Azzan kavaa kaptula ya kuogelea tangu alfajiri,
anakula mkate huku kaikumbatia pampu.
Ghorofa ya nne, Bausher, Julai.
Mlima nyuma ya jengo umekaa kama jiko lililosahauliwa,
na maji ya bomba, hata upande wa baridi,
yanatoka ya chai.

"Lijaze kabla wenzake hawajaja," kasema Bi Zuwena
kwa Kiswahili cha mama yake, kilichozaliwa Ng'ambo
kikaja kukulia hapa kwenye kiyoyozi.
"Roshani ni pana. Maji tu hayo."

Maji tu.
Mimi maji nayajua kwa shingo.
Kule Handeni lita ishirini zilikuwa na njia zake,
kutoka lamboni mpaka mlangoni kwa mama,
na utosi wangu hadi leo una bonde dogo
ambalo kitana hulikwepa.
Sikusoma mbali, lakini kugawa najua:
ndoo mia na thelathini na tano.

Nikawaona.
Wanawake mia na thelathini na tano wa Handeni
wamepanda ngazi, ndoo kichwani, kanga kiunoni,
wanaomba njia wapite roshani kwa Bi Zuwena.
Wa kumi tu angeambiwa: basi, pamejaa, mtatuua.
Lakini maji hayana viwiko. Hayasukumani,
hayahemi, hayapigi hodi.
Yanaingia kwa mpira mwembamba, yanatulia, yanang'aa,
na uzito wao wote
yanaukalia kimya.

Roshani haina mguu. Kaitazame kutoka chini:
ni ulimi wa zege uliotolewa nje ya ukuta,
nondo ndizo zinazoung'ata kwa ndani usidondoke.
Nani ajuaye chumvi imezila kiasi gani?
Mimi najua vigae tu, kwa kuwa navipiga deki.
Pale mlangoni, roshani inapoungana na nyumba,
pana ufa. Ramadhani ulikuwa unywele.
Sasa unanasa nyuzi za tambara.

Maji yalikuwa kifundoni nilipoukunja mpira.
Ukakoroma mkononi kama paka aliyekatazwa samaki.
Nikasema moja tu: "Bi Zuwena, njoo uone ufa."
Wale wanawake sikuwataja.
Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na moja;
mtu huchagua maneno.

Akainama, akapitisha ukucha wake wa hina.
Akanyanyuka, akampigia kaka yake Sohar, mhandisi.
Nikasikia sauti ya kiume ikipanda ndani ya simu:
"Yaishie kifundoni! Watoto wawili, wasiruke.
Na kesho mwite fundi. Nani kakushtua?"
"Nimewaza mwenyewe," akasema Bi Zuwena,
macho kwenye vigae.
Nikaenda kuvunja barafu.

Azzan alilia. Alisema kifundo si bwawa, kifundo ni udhu.
Kisha mgeni wake akaelea na kiatu kama merikebu,
barafu zikawa papa,
na kilio kikasahauliwa na mwenyewe.

Usiku ikabidi maji yatoke.
Kuyafungulia tundu ni kumwoshea jirani gari lake,
kwa hiyo ndoo, tena, mpaka bafuni.
Ishirini na mbili. Nilizihesabu.
Ya ishirini na tatu haikujaa, ilifika nusu,
hiyo sikuimwaga.
Nikaketi kizingitini, upande wa ndani wa ufa,
miguu yote miwili ndani ya ndoo,
na kichwani sina kitu.