Mililita Mia Saba

Saa kumi na moja alfajiri, Kutaisi, theluji imegoma kukoma,
nami tangu zamu ianze nimeshamwaga
marashi ya bibi harusi,
maji ya chemchemi ya watawa, yaliyoombewa siku tatu,
divai ya mjomba mmoja, aliyeificha ndani ya buti,
na shampuu ya mwanafunzi aliyeniambia,
"Dada, tazama, imebaki robo tu!"
Nikamjibu ninavyowajibu wote:
kanuni haipimi kilichobaki, hupima chupa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema ni nani aliyeajiriwa kuyamwaga.

Ndipo akaja Lamara. Jina nililisoma kwenye tiketi.
Kikapu chake kikaingia mashineni,
na kwenye kioo changu ukatokea mviringo mzito,
rangi ya chungwa, umetulia kama jiwe la kusagia.
"Mama, kuna nini humu?"
Akatoa soksi ya sufu. Ndani ya soksi, gazeti.
Ndani ya gazeti, chupa iliyowahi kuwa ya matango,
kifuniko kimezungushwa utepe mara tatu.
"Tkemali," akasema,
kana kwamba mimi ni mgeni hapa,
kana kwamba bibi yangu hakunichapa mwiko
kwa kuchovya kidole kwenye sufuria ya plamu.
"Si maji haya. Ni chakula. Badri hajaionja mwaka wa nne.
Huko Dortmund anakula nyama kavu
kama mtu aliyekosana na mkewe."

Nikamwonyesha ubao:
kimiminika ni chochote kinachofuata umbo la chombo.
Mtindi. Jamu. Jibini laini. Dawa ya meno.
Asali, hata ile iliyoganda.
Akausoma polepole, kidole kikitembea juu ya maneno,
kisha akauliza, bila kunitazama:
"Na mtoto anayefuata umbo la nchi ya watu,
yeye mnamtia kwenye mfuko gani?"

Foleni ilikuwa imefika mlangoni.
Mkubwa wangu, Zurab, akanionyesha pipa kwa kidevu.
Lamara naye akaliona.
"Ndege inaruka saa ngapi?"
"Kumi na mbili na dakika arobaini."
"Basi muda upo."

Akarudi kwenye benchi, upande ule wa mstari,
akabandua utepe kwa meno.
Harufu ikavuka kwetu bila tiketi:
kitunguu saumu, giligilani, mnanaa wa porini.
Akamega mkate, akala.
Uso ukakunjika kwa ukali wa plamu, akala tena,
kama mtu anayelipa deni asilokopa.
Ilipofika nusu, mkono ukachoka.
Akamwita yule mjomba wa divai.
Akamwita mwanafunzi.
Akawaita vijana wawili waendao kufunga vifurushi maghalani,
ambao hadi hapo walikuwa wakitazama simu zao tu.
Hakuna aliyesema asante. Walitafuna,
na mmoja wa wale vijana akageukia ukuta,
akakaa hivyo hadi mkate ulipokwisha.

Akarejea na chupa mkononi.
"Tupu inapita?"
"Inapita."
"Hata kama haikuoshwa?"

Hilo halimo ubaoni.
Zurab akaichukua, akaiinua kwenye taa, akaiinamisha.
Kutoka kwenye kuta za kioo tone moja likakusanyika,
likasita mdomoni,
likaangukia glavu yangu.
"Inapita," akasema, akaanza kupanga trei zilizokuwa zimepangika.

Safari hii, kwenye kioo, sikuona kitu,
ila duara jepesi ndani ya soksi,
kama mwezi wa mchana.
"Ana pua nzuri, Badri," Lamara akaniambia akivaa viatu.
"Tangu mdogo."

Akaenda. Sikumtakia safari njema, foleni ilinivuta.
Baadaye nikaomba ruhusa
nikabadilishe glavu.
Zurab akatazama saa yake, akasema nisikawie.

Nilikawia.